Chaji za Protini Hatua kwa Hatua: Mwongozo Kamili wa Makundi Yanayopokea na Kuachia Protoni

Ute wa yai la kuku una kimeng'enya kiitwacho lisozimu, ambacho Alexander Fleming alikieleza mwaka 1922 na ambacho umbo lake lilibainishwa mwaka 1965 jijini London na kundi la David Phillips, kikawa kimeng'enya cha kwanza kujulikana umbo hadi kiwango cha atomi. Kina asidi amino 129, na kati ya hizo asidi glutamiki ni mbili tu: moja iko nafasi ya 7 na nyingine nafasi ya 35. Kitabu cha kiada kitakuambia kwamba pKa (pH ambayo nusu ya molekuli zimeachia protoni, yaani H⁺) ya tawi la asidi glutamiki, sehemu yake inayochomoza nje ya mnyororo wa protini, ni karibu 4.3. Lakini zikipimwa ndani ya protini yenyewe, ile ya nafasi ya 7 inaonyesha pKa ya karibu 2.9, na ile ya nafasi ya 35 inaonyesha karibu 6.2. Kemikali ni ile ile, molekuli ni ile ile, na bado moja inaachia protoni yake kwa wepesi unaozidi wa mwenzake takribani mara 2000.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa biokemia na kwa fundi wa maabara ambaye anatakiwa kujua protini yake ina chaji gani katika pH fulani, ama ili achague bafa (mmumunyo unaozuia pH isibadilike), ama ili aitenganishe na nyingine, ama ili aelewe kwa nini kimeng'enya chake kinafanya kazi katika pH moja na kuzimika katika nyingine. Tutaanza na namba za jedwali, kwa sababu hakuna pengine pa kuanzia, kisha tutaona ni wakati gani namba hizo zinapaswa kuachwa. pKa si mali ya asidi amino peke yake. Ni mali ya asidi amino pamoja na mahali ilipokaa.

Kabla ya kuanza: mlinganyo mmoja na aina mbili za makundi

Mlinganyo tunaoutumia umetokana na kazi ya Lawrence Henderson ya mwaka 1908, na Karl Hasselbalch akauandika kwa logi mwaka 1916. Wote wawili walikuwa wanahangaika na asidi ya damu. Kwa matumizi yetu, umbo lake linalofaa zaidi ni hili:

Sehemu yenye protoni = 1 ÷ (1 + 10^(pH − pKa))

Sehemu isiyo na protoni ni 1 ukitoa jibu hilo. pH ikilingana na pKa, nusu ya molekuli zina protoni katika kundi hilo na nusu hazina. pH ikiwa juu ya pKa kwa uniti 1, zilizobaki na protoni ni asilimia 9. Ikiwa juu kwa uniti 2, ni asilimia 1. Kwa hiyo kundi lolote lililo mbali na pH yako kwa uniti 3 au zaidi unaweza kulihesabu kuwa limeshaamua upande wake, na ukaelekeza nguvu zako kwa yale yaliyo karibu.

Jambo linalowapotosha wanafunzi wengi kuliko mlinganyo wenyewe ni alama ya chaji. Makundi yako ya aina mbili. Aina ya kwanza haina chaji inapokuwa na protoni, na hupata chaji hasi inapoiachia: hapa wamo asidi aspatiki, asidi glutamiki, sisteini, tairosini, na kaboksili ya mwisho wa mnyororo. Aina ya pili ina chaji chanya inapokuwa na protoni, na hubaki bila chaji inapoiachia: hapa wamo histidini, lisini, arginini, na amino ya mwanzo wa mnyororo. Lisini haiwi hasi kamwe, hata ukiiweka katika magadi makali kiasi gani. Andika orodha hizi mbili juu ya karatasi kabla ya kugusa kikokotoo.

Hatua ya kwanza: hesabu makundi ya protini iliyo mbele yako, si ya jeni

Chukua mfuatano wa asidi amino na uhesabu. Kwa lisozimu ya yai la kuku utapata asidi aspatiki 7, asidi glutamiki 2, histidini 1, lisini 6, arginini 11, tairosini 3 na sisteini 8, pamoja na mwanzo mmoja na mwisho mmoja wa mnyororo. Asparajini na glutamini zisikuchanganye kwa kufanana majina na ndugu zao: hizo ni amidi, haziachii protoni katika pH tunazozishughulikia. Serini na threonini nazo ziache, na vilevile bondi za peptidi.

Hapa kuna mitego mitatu ya kuangalia kwa makini.

Mtego wa kwanza ni mfuatano wenyewe. Ukiuchukua kutoka kwenye hifadhi ya jeni, lisozimu itakuja ikiwa na asidi amino 147, kwa sababu seli ya kuku huitengeneza ikiwa na kipande cha mbele cha asidi amino 18 ambacho hukatwa kabla protini haijatoka nje ya seli. Kilichomo ndani ya yai ni zile 129, na amino ya mwanzo ni ya lisini ya nafasi ya 1.

Mtego wa pili ni mapambo yanayoongezwa baada ya mnyororo kutengenezwa. Protini nyingi za seli za wanyama na mimea zimefungwa kundi la asetili mwanzoni, na amino iliyofungwa hivyo haina tena chaji ya kuhesabiwa. Fosfeti ikiongezwa juu ya serini huleta chaji hasi mbili, ya pili ikiwa na pKa ya karibu 6. Kaseini ya maziwa imejaa fosfeti za namna hii.

Mtego wa tatu ndio unaoharibu majibu mengi zaidi. Sisteini zote 8 za lisozimu zimeungana mbili mbili kwa madaraja manne ya salfa. Sisteini iliyofungwa kwenye daraja haina protoni ya kuachia, hivyo idadi ya kuhesabu ni sifuri. Baadaye utaona kosa hili linagharimu kiasi gani. Jenga mazoea ya kuuliza, kwa kila sisteini: iko huru, iko kwenye daraja, au imeshikilia metali? Histidini pia huulizwa swali la metali, kwani histidini inayoshikilia chuma au zinki haipo huru kuchukua protoni.

Hatua ya pili: weka pKa za kuanzia

Namba zifuatazo zimetokana na vipimo vya peptidi fupi ndani ya maji, katika nyuzi joto 25, ambako tawi la asidi amino halina jirani wa kulisumbua:

- Kaboksili ya mwisho: 3.7
- Asidi aspatiki: 3.9
- Asidi glutamiki: 4.3
- Histidini: 6.5
- Amino ya mwanzo: 8.0
- Sisteini huru: 8.6
- Tairosini: 9.8
- Lisini: 10.4
- Arginini: 13.8

Vitabu vingi bado vinaandika 12 au 12.5 kwa arginini. Vipimo vya miaka ya karibuni vimeipandisha hadi karibu 13.8, na kwa kazi ya kawaida maana yake ni moja: chini ya pH 12, hesabu kila arginini kuwa ina chaji chanya kamili.

Ukilinganisha majedwali mawili utakuta yanatofautiana kwa nusu uniti hapa na pale. Chagua moja na ulitumie tangu mwanzo hadi mwisho, wala usichanganye namba za vitabu viwili katika hesabu moja.

Hatua ya tatu: kokotoa jumla ya chaji

Tuanze na pH 7.0. Arginini 11 zinatoa +11. Lisini 6, ambazo pKa yake iko juu kwa uniti 3.4, zinatoa +6.00. Amino ya mwanzo inatoa 1 ÷ (1 + 10^(7.0 − 8.0)), yaani 1 ÷ 1.1, ambayo ni +0.91. Histidini inatoa 1 ÷ (1 + 10^0.5), yaani 1 ÷ 4.16, ambayo ni +0.24. Jumla ya upande chanya ni +18.15. Kwa upande hasi, asidi aspatiki 7 zinatoa −6.99, asidi glutamiki 2 zinatoa −2.00, kaboksili ya mwisho −1.00, na tairosini tatu kwa pamoja hazifiki hata −0.01. Jumla ya upande hasi ni karibu −10.0. Protini kwa ujumla ina chaji ya karibu +8.

Hiyo desimali ya histidini, +0.24, isikutatize. Haimaanishi kuwa kuna robo ya protoni. Inamaanisha kwamba ukizitazama molekuli 100 kwa wakati mmoja, takribani 24 zitakuwa na protoni kwenye histidini yao, na kila moja huipokea na kuiachia mara nyingi mno kwa sekunde.

Sasa shuka hadi pH 4.0. Upande chanya umejaa: 11 + 6 + 1 + 1, yaani +19. Upande hasi ndio wenye kazi, kwa sababu sasa tuko katikati ya pKa za kaboksili. Asidi aspatiki zimebaki na sehemu 0.557 isiyo na protoni kila moja, jumla −3.90, asidi glutamiki 0.334 kila moja, jumla −0.67, kaboksili ya mwisho −0.67. Jumla ya chaji imepanda hadi karibu +13.8.

Kutafuta pI, yaani pH ambayo chanya na hasi zinafutana, hakuna njia ya mkato kwa protini kubwa. Unajaribu pH, unaangalia alama ya jibu, unasogea. Katika pH 10.0 lisini zimeshuka hadi +4.29 na tairosini zimefika −1.84, na jumla ni +3.5. Katika pH 11.0 jumla ni −0.6. Katika pH 10.8 jibu ni karibu sifuri kabisa. Vipimo halisi vya lisozimu hii huangukia karibu na 11, kwa hiyo hesabu ya karatasi imetufikisha karibu sana.

Rudia sasa hesabu hiyo hiyo ukijifanya umesahau madaraja ya salfa. Katika pH 10.0 sisteini 8 zilizodhaniwa kuwa huru zingeongeza −7.7, na jumla ingegeuka kutoka +3.5 hadi −4.2. pI ingeshuka kutoka 10.8 hadi karibu 9.1. Mtu aliyepanga kazi yake kwa namba hiyo na kuandaa bafa ya pH 9.8 angetegemea protini yake iwe na chaji hasi na inate kwenye safu yenye chaji chanya, kumbe ni chanya na inapita moja kwa moja. Angemwaga protini yote kwenye ndoo ya taka bila kujua.

Hatua ya nne: rekebisha kulingana na mahali kundi lilipokaa

Hesabu ya hatua ya tatu inatosha unapotaka jumla ya chaji ya protini nzima, kwa sababu makosa ya kundi hili na lile hufutana. Unapotaka kujua hali ya kundi moja mahususi, hasa lililo katika eneo la utendaji la kimeng'enya, haitoshi hata kidogo. Hapo inakubidi ufungue umbo la protini. Maumbo yamewekwa wazi kwa wote katika Hifadhi ya Data za Protini, na jalada la kwanza la lisozimu ya yai linaitwa 1LYZ. Tafuta kundi lako na ulichunguze kwa macho, ukiuliza mambo matatu.

Swali la kwanza: je, kundi limezungukwa na maji au limefukiwa? Maji hukumbatia chaji na kuituliza. Ndani ya protini, kati ya matawi yenye asili ya mafuta, hakuna wa kuikumbatia, kwa hiyo kundi hupendelea hali yake isiyo na chaji. Kanuni inayotokana na hapo ni rahisi, ila lazima uikumbuke kwa aina zote mbili: kufukiwa hupandisha pKa ya kundi la asidi, na hushusha pKa ya kundi la besi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kwa kutumia nyukliasi, kimeng'enya cha bakteria aina ya stafilokokasi, walipandikiza lisini katika nafasi 25 za ndani, moja baada ya nyingine. Nyingi zilishuka pKa, na baadhi zilifika hadi 5.3, yaani uniti 5 chini ya jedwali. Walipopandikiza arginini katika nafasi hizo hizo, zote zilibaki na chaji. Ndiyo maana nimesema arginini ihesabiwe kuwa na chaji bila wasiwasi, na lisini iliyofukiwa isiaminiwe mpaka ipimwe.

Swali la pili: jirani zake wana chaji gani? Chaji hasi iliyo jirani hushikilia protoni isiondoke, hivyo hupandisha pKa ya kila kundi lililo karibu, liwe la asidi au la besi. Chaji chanya iliyo jirani huisukuma protoni iende, hivyo huishusha pKa. Nguvu hii hupungua kwa umbali, na chumvi iliyomo kwenye mmumunyo huififisha: katika chumvi ya kawaida ya moli 0.1 kwa lita, ayoni huanza kuificha chaji moja isionwe na nyingine katika umbali wa kama nanomita 1. Ukibadilisha kiasi cha chumvi katika jaribio lako, tambua kwamba umebadilisha pKa pia.

Swali la tatu: ni bondi gani za hidrojeni zinazoshika kundi hilo? Kaboksili isiyo na protoni inayopokea bondi kadhaa za hidrojeni kutoka kwa majirani huwa imetulia, na haioni haja ya kuchukua protoni. Asidi aspatiki ya nafasi ya 66 katika lisozimu ni mfano mzuri. Imefungwa hivyo, na pKa yake iko chini ya 2.

Turudi sasa kwa zile asidi glutamiki mbili. Ile ya nafasi ya 7 iko usoni, karibu na lisini ya nafasi ya 1 ambayo ina chaji chanya, na protini nzima ina chaji chanya nyingi. Kila kitu kinaisukuma protoni iondoke, na pKa imeshuka hadi 2.9. Ile ya nafasi ya 35 imeegemea triptofani ya nafasi ya 108, katika sehemu yenye asili ya mafuta ya ufa wa kimeng'enya, yaani eneo lake la utendaji, na ng'ambo ya ufa huo iko asidi aspatiki ya nafasi ya 52 yenye chaji hasi. Kufukiwa kunapandisha pKa, jirani hasi anapandisha pKa, na matokeo ni 6.2.

Uzuri wa jambo hili uko kwenye kazi. Lisozimu hukata sukari za ukuta wa bakteria, na ili ikate inahitaji mambo mawili kwa wakati mmoja: asidi glutamiki ya 35 iwe na protoni ya kutoa, na asidi aspatiki ya 52, yenye pKa ya 3.7, iwe haina. Katika pH 5.0, asilimia 94 ya molekuli zina protoni kwenye nafasi ya 35 na asilimia 95 hazina kwenye nafasi ya 52. Takribani molekuli 9 kati ya 10 ziko tayari kwa kazi. Kama makundi yote mawili yangefuata jedwali, zilizo tayari zingekuwa kama 15 tu kati ya 100. Kusogea kwa pKa kutoka 4.3 hadi 6.2 kuna gharama, kwani kila uniti ya pKa ni takribani kilojuli 5.7 kwa moli katika nyuzi joto 25, na protini inailipa gharama hiyo kwa uthabiti wa umbo lake. Kimeng'enya kimekubali kuwa dhaifu kidogo ili kiweze kufanya kazi.

Zipo programu za kompyuta zinazokadiria mabadiliko haya kutoka kwenye umbo, PROPKA ikiwa mojawapo inayotumika sana. Zitumie, lakini kwa makundi yaliyofukiwa chukua majibu yake kama dokezo la wapi pa kupima, si kama kipimo.

Hatua ya tano: pima

Kabla ya yote, sawazisha mita yako ya pH kwa bafa mbili za kawaida zinazobana eneo unalopima, mathalani 4.00 na 7.00, zikiwa katika joto lile lile la sampuli. Suala la joto si la kupuuza. Tris, bafa inayopendwa kuliko zote, hushuka karibu 0.03 ya pH kwa kila nyuzi moja ya joto. Ukiitengeneza iwe 8.0 katika nyuzi 25, ndani ya chumba baridi cha nyuzi 4 itakuwa karibu 8.6, na kwenye meza ya maabara isiyo na kiyoyozi mchana wa Dar es Salaam, katika nyuzi 32, itakuwa karibu 7.8. Fosfeti, yenye pKa ya 7.2, na asetati, yenye 4.76, hazisogei sana. Lisini na histidini zenyewe hufanana na Tris katika tabia hii, ilhali kaboksili hufanana na asetati.

Njia ya zamani na ya uhakika ya kuhesabu protoni ni titresheni, yaani kuongeza asidi au besi kidogo kidogo huku ukipima pH. Tuseme umeyeyusha miligramu 100 za lisozimu katika mililita 10 za mmumunyo wa chumvi. Hizo ni mikromoli 7 za protini. Kuijaza protoni kila kaboksili kati ya zile 10 (asidi aspatiki 7, asidi glutamiki 2 na ya mwisho 1) kunahitaji mikromoli 70, yaani mililita 0.7 za asidi hidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita. Lakini kuyashusha maji yale peke yake hadi pH 2 kunahitaji zaidi kidogo ya mililita 1. Maji yanakunywa asidi nyingi kuliko protini. Kwa hiyo fanya titresheni ya pili ya mmumunyo wa chumvi usio na protini, kwa ujazo ule ule, na utoe. Bila kipimo hicho tupu, mchoro wako wa pH za chini hauna maana. Kwa upande wa pH za juu, adui ni kaboni dioksidi ya hewani: chemsha maji yako kwanza, yapoze yakiwa yamefunikwa, na ukiweza pitisha naitrojeni juu ya sampuli.

Titresheni inakupa jumla. Haikuambii ni kundi gani limechukua protoni. Kwa tairosini tumia spektrofotomita, kwani ikiachia protoni huanza kufyonza mwanga wa nanomita 295. Njia hii ndiyo iliyoonyesha, katika miaka ya 1950, kwamba kati ya tairosini 6 za ribonukliasi, kimeng'enya cha kongosho la ng'ombe, tatu huachia protoni kama kawaida karibu na pH 10, na tatu hukataa mpaka protini ifumuke. Kwa histidini, njia bora ni NMR, kipimo cha viini vya atomi ndani ya sumaku yenye nguvu: protoni moja iliyofungwa kwenye kaboni ya pete yake husogea takribani uniti moja ya kipimo hicho kundi linapobadilika hali, na kila histidini hujitokeza na mstari wake, hivyo unaweza kuzifuatilia moja moja.

Hatua ya sita: itumie namba uliyoipata

Mfano wa kwanza unaweza kufanyika katika maabara yenye vifaa vichache. Ute wa yai una ovalbumini, ambayo ndiyo zaidi ya nusu ya protini zake na ina pI ya karibu 4.5; una ovotransferini yenye pI ya karibu 6; na una lisozimu, kama asilimia 3.5 tu, yenye pI ya karibu 11. Katika pH 8.2 zile mbili ni hasi na lisozimu peke yake ndiyo yenye chaji chanya nyingi. Punguza ute kwa bafa ya Tris mara nne, uukoroge polepole bila kutoa povu, uchuje kwa kitambaa safi, kisha upime tena pH, kwa sababu ute wa yai bichi la leo una pH ya karibu 7.6 na wa yai lililokaa siku kadhaa hupita 9 kwa kupoteza kaboni dioksidi kupitia ganda. Upitishe juu ya safu ya selulosi yenye kaboksimethili, ambayo ni hasi. Ute mzito wenye rangi ya njano hafifu utapita wote na kutoka chini, na lisozimu itabaki imenata. Ioshe safu hadi kinachotoka kisifyonze tena mwanga wa nanomita 280, kisha uitoe kwa chumvi ya moli 0.5 kwa lita.

Mfano wa pili unagusa watu wengi wa Afrika Mashariki. Himoglobini ya ugonjwa wa selimundu hutofautiana na ya kawaida kwa asidi amino moja katika kila mnyororo wa beta: asidi glutamiki ya nafasi ya 6 imekuwa valini. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba pI za himoglobini hizo mbili zinatofautiana kwa takribani 0.2 ya pH. Hesabu yetu inaeleza sababu. Katika pH 8.6, ambako himoglobini hutembezwa kwa umeme juu ya karatasi ili zitenganishwe, kila asidi glutamiki iliyo usoni ni hasi kikamilifu. Kila mnyororo wa beta umepoteza −1, na molekuli ina minyororo ya beta miwili, kwa hiyo himoglobini S (ya selimundu) ina chaji +2 zaidi ya A (ya kawaida) na hutembea polepole zaidi kuelekea upande chanya wa umeme. Himoglobini C, ambayo pale pale nafasi ya 6 ina lisini, ina +4 zaidi na hubaki nyuma kabisa.

Lakini himoglobini D ya Punjab imebadilika mahali pengine, asidi glutamiki ya nafasi ya 121 ikawa glutamini. Nayo imepoteza −1 kwa kila mnyororo wa beta, kwa hiyo katika pH 8.6 inasimama pale pale inaposimama S, na msomaji wa karatasi asiyejua hesabu hii anaweza kumwambia mzazi jambo lisilo kweli. Ndiyo sababu kipimo cha pH 8.6 hurudiwa kwa agari yenye sitrati ya pH 6.0 hadi 6.2, ambako D hutembea pamoja na A, na S hujitenga.

Kwa watoto wachanga, ambao damu yao bado imejaa himoglobini F, ile ya mtoto akiwa tumboni, njia inayofaa zaidi ni kuzipitisha himoglobini kwenye jeli yenye mteremko wa pH, kila moja ikitembea mpaka ifike kwenye pI yake na kusimama. Uganda ilitumia njia hii kupima madoa makavu ya damu ya karibu watoto 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa miaka ya 2014 na 2015. Kwenye jeli hiyo S na D hazisimami tena mahali pamoja. Zimepoteza idadi sawa ya chaji, lakini nafasi ya 6 na nafasi ya 121 hazina majirani sawa. pKa za makundi yaliyozizunguka hazikusogea kwa kiasi kimoja, na tofauti hiyo ndogo ya pI inatosha kuzigawa katika mistari miwili.